Maji Niliyoyafunga Mimi

Ipogolo, Iringa
Agosti 1956

Kwa Baba yangu,

Mugonile, Tata. Na Mama naye namwamkia hapo alipo, najua amesogea karibu na mlango ili asikie vizuri. Mmeamkaje huko? Mguu wako ulikuwa umevimba mliponiandikia mara ya mwisho, je, umepungua? Mvua ya kwetu haijui kupumzika na wewe hujui kukaa ndani, kwa hiyo nina wasiwasi. Mimi huku nipo. Nakula, natembea, natoka asubuhi kwenda kazini na jioni narudi. Kuzidi hapo sisemi, maana nimeapa kutoandika uongo katika barua hii, na nikianza kwa kusema mimi ni mzima kabisa kama watu wanavyoandika, nitakuwa nimeharibu tangu mstari wa kwanza.

Mwalimu Anyosisye, wewe unayemsomea Baba, nakuomba usiruke neno. Hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu, soma tu. Na wewe Baba, kabla Mwalimu hajaendelea, waite wale wazee waliokaa katika shauri la kaka yangu Asajile. Kama wako shambani wangojwe mpaka warudi. Aliyeileta barua hii amebaki nyumbani kwa Mwalimu, na nimemwagiza asiseme neno mpaka mmemaliza kusikia. Msimfuate kwanza.

Naamini sasa wamekaa. Basi nianze na habari za kazi.

Nimerudi kazini tangu mwezi wa tano. Hospitali nilikaa miezi tisa. Miezi mitatu ya kwanza sikuweza kwenda hata chooni bila kushikwa mkono, na dresa mmoja Mhehe, msaidizi wa daktari, alikuwa ananiosha kama unavyomwosha mtoto. Baba, mimi niliyekuwa nabeba gunia la mahindi toka sokoni mpaka kwetu bila kutua! Kisha wakaanza kunifundisha kupumua upya. Usicheke, ni kweli, mtu mzima anafundishwa kupumua. Walinipa chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira, moja imejaa maji, nikaambiwa nipulize mpaka maji yote yahamie chupa ya pili. Siku ya kwanza nilipuliza mpaka nikaona nyota, na maji hayakusogea hata kidole kimoja. Baadaye wakanitembeza: leo mpaka kwenye ngazi, wiki ijayo mpaka jikoni, mwezi ujao mpaka kwenye bustani. Mwishowe walinipa jembe, nikalima tuta moja la viazi, nikapumzika, nikalima la pili. Siku niliyomaliza matuta manne daktari alisema naweza kurudi kazini, lakini akaandika kwenye karatasi kwamba nisirudi kwenye vumbi maisha yangu yote.

Hapo ndipo nilipomwuliza kama nitapona. Daktari yule hapendi maneno mengi. Aliinua picha ya kifua changu dirishani, nikaona mbavu zangu mwenyewe, na katikati yake madoa meupe kama unga uliomwagika. Akasema, "Hili ni vumbi la mawe. Limeingia, limekaa, na halitoki." Nikauliza dawa. Akasema dawa ilikuwa ni kutolivuta. Basi, hayo ndiyo niliyoambiwa, na nimeyaandika kama yalivyo.

Sasa, Baba, nikueleze vumbi lile lilikotoka, kwa sababu hujawahi kuona kazi yetu, na mimi katika barua zangu zote nilijisifu tu.

Hapa Ipogolo barabara kuu inapita chini ya mlima ulio na mji wa Iringa juu yake. Sisi tunachimba mawe ya barabara hiyo. Kwanza tunatoboa mwamba kwa mashine ndefu inayoendeshwa kwa upepo, kisha wenzetu wanatia baruti, mwamba unapasuka, mawe yanakwenda kusagwa. Mimi nilikuwa mtoboaji. Ile mashine ina bomba dogo la maji lenye koki. Maji yanapita ndani ya chuma mpaka kwenye tundu, na vumbi linatoka likiwa tope, haliruki. Mzungu wa kazi alituonyesha hivyo tangu siku ya kwanza, akasema tusifunge koki kamwe.

Tukafunga. Wewe unajua baridi ya kwetu, na ya Iringa mwezi wa sita na wa saba nayo si mchezo. Maji yale yanarudi yanakumwagikia kifuani tangu saa moja asubuhi. Sisi watu wa milimani tumelelewa tukiambiwa kifua kikilowa baridi unapata kichomi, na Mama hapo anakumbuka alivyokuwa akinikausha karibu na moto. Kwa hiyo tuliona Mzungu hajui kitu, anataka kutuua kwa kichomi. Tena tope linachelewesha kazi. Ukifunga maji, chuma kinakula mwamba upesi, unamaliza mashimo yako saa sita wakati wenzako wanamaliza saa tisa. Nyapara alikuwa anageuza uso pembeni, maana na yeye alisifiwa kwa mashimo yetu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza kila siku. Waliniita Mbogo. Nilitoka mle nikiwa mweupe tangu nywele mpaka vidole vya miguu, macho tu ndiyo yanaonekana, na nilipenda watu wanitazame hivyo. Miaka sita nilifanya hivyo, Baba. Na aliyenifunga mikono hakuwepo, ni hii ya kwangu iliyofunga koki.

Si hilo tu. Yohana, yule Mbena wa Igowole niliyewahi kuwaandikia habari zake, rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, alipokuja kazini alikuwa mwoga wa sheria, anaacha maji wazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga. Nilimcheka mpaka akafunga. Alianza kukohoa mwaka mmoja baada yangu, akalazwa kitanda cha tatu kutoka changu, na akafa usiku wa kuamkia Pasaka. Nilikuwa nimeshajua kupuliza chupa, yeye hakufika huko.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Nilipoanza kukohoa niliwaandikia barua. Mnaikumbuka, najua mliitunza. Niliandika hivi: kifua kinanibana, baridi inanishika mgongoni, dawa hazisaidii, nadhani huko nyumbani kuna mtu ananinung'unikia moyoni. Sikutaja jina. Sikuhitaji kutaja. Nyinyi nyote mlijua kwamba yule ng'ombe wa mahari ya dada yetu alikuwa haki ya Asajile kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na kwamba mimi nilimtwaa nikamtoa mahari ya mke wangu, nikaondoka kwenda Iringa bila kumaliza maneno. Mlijua Asajile alikaa miaka minne bila mke kwa ajili yangu. Kwa hiyo mlipouliza ni nani mwenye sababu ya kununa, jibu lilikuwa limekaa tayari.

Wewe ulinifundisha, Baba, na babu alikufundisha wewe, kwamba hasira ya ndugu ikifichwa inageuka pumzi, na pumzi hiyo inamwendea mwenye kosa popote alipo, inamshika kama baridi. Sitaki kubishana na wazee kwamba jambo hilo lipo au halipo. Mimi si mtu wa kuwafundisha wazee. Nasema hivi tu: siku ile nilipoandika, nilikuwa nimeshajua ni vumbi. Dresa wa kambini alikuwa ameshaniambia. Lakini nilikuwa naona haya kuwaandikia kwamba Mbogo amejiua kwa haraka zake. Nikaona ni afadhali niwe mtu aliyeonewa kuliko mjinga. Hapo ndipo Mwalimu ataona haya. Soma, Mwalimu, usipunguze sauti.

Mkanijibu kwamba mmemwita Asajile, amesema maneno yake yote mbele ya watu, ametia maji kinywani na kuyatema chini kama desturi, hasira imetoka. Nilipopata barua hiyo nilikuwa kitandani na nilikuwa sijapungukiwa hata na kikohozi kimoja. Mkaandika tena kwamba mmemrudisha mara ya pili, kwa kuwa mgonjwa haponi, bila shaka kuna neno amelibakiza. Mkaandika mara ya tatu. Nilizipata zote. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, kulikuwa na yule dresa Mhehe aliyenipa stempu bure. Nikanyamaza.

Mara tatu, Baba, mlimtaka Asajile ateme maji kwa ajili ya kifua changu. Na aliyefunga maji ni mimi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo bado kinanizunguka mbali kidogo, kwa hiyo nimeumbuliwa kwanza na kazi.

Niliporudi hapa na karatasi ya daktari, Mzungu wa kazi aliisoma, akakuna kichwa, akanipa kazi nyepesi. Mimi ndiye sasa mtu wa maji. Nachota mtoni kwa debe, najaza pipa lililo juu ya mwamba, na kazi yangu ya pili ni kuangalia koki za watoboaji wote zisifungwe. Kutoka mtoni mpaka kwenye pipa mtu mzima anapanda kwa pumzi moja. Mimi natua debe mara tatu, nakaa, nasikia kifua kinalia ndani kama mlango mbovu. Wale watoboaji wapya wananiita Babu Maji, na mimi nina miaka thelathini na miwili. Hilo nalivumilia. Nilimwita Yohana majina mabaya zaidi.

Lakini wanafunga koki. Nikigeuka wanafunga. Nikifungua wanangoja nishuke mtoni, wanafunga tena. Siku moja nilimfuata Msangu mmoja, hodari kuliko wote, mweupe kwa vumbi kama nilivyokuwa mimi, nikamwambia atazame hali yangu, hii ndiyo kazi ya koki. Hakunitukana. Alinitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniuma zaidi. Akasema, "Wewe umeshikwa na kaka yako huko kwenu, kambi nzima inajua. Sisi kwetu hatuna ugomvi na mtu."

Baba, nilimwacha na koki yake, nikaenda kukaa juu ya pipa. Maana ni mimi niliyewaambia. Yohana alipouliza kikohozi changu ni cha nini, nilimwambia habari ya Asajile. Yohana akawaambia wengine, na akafa akiamini hivyo, akitafuta nani huko Igowole amemnunia, na yeye alizaliwa peke yake, hana kaka wala dada. Uongo wangu umewavua hawa watu woga. Watano wanakohoa sasa katika safu ile. Wawili ni Wahehe, mmoja Mbena, mmoja Msangu, mmoja ametoka Mbeya, Msafwa. Nawauliza wazee wetu kwa heshima: pumzi ya Asajile imewafikia na hao? Amewahi kuwaona wapi? Na mpishi wetu, aliyekimbia kwao Tukuyu baada ya kumpiga baba yake mzazi, mbona yeye anaimba tangu asubuhi mpaka jioni na hakohoi? Yeye hashiki mashine, yeye anapika ugali.

Sasa nisikilizeni. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napanda na debe, nikaona mtu anashuka kwenye lori la mpunga kule barabarani. Amekonda, koti limechanika begani. Sikumjua mpaka alipoanza kutembea, maana miguu ya watu wa nyumba yetu unaijua hata gizani. Ni Asajile. Ndiye aliyeileta barua hii.

Alinieleza yale ambayo nyinyi hamkuniandikia. Kwamba baada ya mara ya tatu wazee walisema moyo wake ni mgumu, ahame kijijini. Kwamba watu waliacha kula naye, na siku alipokuja kwenye msiba alipewa chakula chake peke yake, nyuma ya nyumba. Kwamba mke wake amerudi kwao na watoto, na migomba yake atapewa mtu mwingine kabla ya msimu wa kulima. Alikwenda Madibira, analima mpunga wa watu, analala kwenye kibanda cha kufukuzia ndege. Alinieleza pole pole, bila hasira. Ningependa angenipiga.

Kisha akasema, na haya nimeyaandika kama alivyoyasema: "Nimekuja uniambie mwenyewe ni neno gani nimelibakiza moyoni. Nimelitafuta, silioni. Kama lipo nionyeshe, nilitoe, upone."

Hakuja kunidai wala kunilaani. Alikuwa anaamini, Baba. Kaka yangu alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye anayeniua, na analala Madibira akijichunguza moyo wake kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani.

Nikamwambia. Nilimwambia yote haya, juu ya mwamba, koki yenyewe iko mbele yetu. Alisogea, akaifungua koki, akaifunga, akaifungua tena, akatazama maji yanavyotoka. Nilidhani atainua jiwe, na nilikuwa tayari. Akasema, "Nilichunga ng'ombe ili wewe usome. Wewe ndiye uliyesoma. Andika." Akachukua debe langu akashuka nalo mtoni. Siku tatu alinichotea maji, hatukusemezana zaidi ya habari za chumvi na kuni. Siku ya nne alinikumbusha karatasi.

Basi nimeandika. Wazee wangu, nawasihi. Asajile hana neno. Alikuwa nalo zamani, lilikuwa la haki, alilitoa mara ya kwanza mlipomwita, likaisha. Mwenye kosa la ng'ombe ni mimi. Mwenye kosa la kifua ni mimi. Mwenye kosa la barua ile ni mimi. Kama desturi inataka mtu ateme maji, nitakuja kutema mimi, lakini sijui kama lori la mpaka Mbeya nitalimudu, na kutoka Mbeya kupanda mpaka kwetu kwa baridi ile daktari amekataza.

Na kuna jambo moja ambalo Mama asisikie, ila najua hatatoka. Mimi sitaishi sana. Miaka miwili, mitatu, labda pungufu. Nitakapokufa mtataka kukaa na kuuliza ni nani. Najua desturi. Nakuomba, Baba, usikubali swali hilo liulizwe. Na kama wazee watakataa, kama watasema barua ni karatasi tu na mtu anaweza kuandika lolote, basi wafanye kama wazee wa zamani walivyofanya kabla serikali haijakataza: wanipasue kifua watazame. Watakuta mawe ya Ipogolo. Ya barabara ile ile watakayonipitishia.

Msalimieni mke wangu Tupokigwe. Mwambieni asiwe anamgeukia mke wa Asajile mgongo, kosa halikuwa lake wala la mumewe, na amfuate yule mwanamke kwao amrudishe. Msalimieni dada yangu, yule aliyeolewa kwa ng'ombe huyo wa matata, mwambieni simlaumu ng'ombe. Msalimieni mjomba na shangazi, na mtoto wangu mpakateni kwa niaba yangu. Mwalimu Anyosisye, ndaga, asante kwa sauti yako. Kwa upande wangu nitaendelea kuwafuata hawa watoboaji na koki zao. Tangu juzi nimeanza kuwaambia ukweli mmoja mmoja. Yule Msangu bado hanisadiki, lakini jana asubuhi aliacha maji wazi mpaka saa nne.

Baba, Mwalimu amemaliza. Asajile yuko nyumbani kwa Mwalimu hapo chini, amekaa, na nina hakika hajala tangu Mbeya. Usimtume mtu kumwita. Nenda wewe mwenyewe na mguu wako huo, mshike mkono mpite naye katikati ya kijiji mchana watu wakiona. Mama ajaze sahani moja ya ndizi na maharage. Moja tu. Mle naye.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Ambokile